Mbonyeo kwenye Mlango wa Syokau

Mlionipigia simu wiki nzima mkiuliza fundi wa Makindu ni nani, poleni. Mama mmoja wa Sultan Hamud alinitukana mpaka nikakata simu. Haya, mama, shusha pumzi. Fundi anageuka sasa.

Aligeuka. Akavua miwani ya kazi na kupangusa jasho kwa kitambaa laini. Syokau akaliona lile kovu juu ya jicho.

"Kitonga!"

"Aiya! Mama Wavinya," yule mwanamume akasema polepole. "Kumbe mwenye gari ni wewe."

Ndiye. Kitonga, mdogo wake Munyao, yule mwanamume aliyezaa Wavinya na Syokau kisha akamfukuza. Mkono ule ulioshika kitambaa laini ndio uliobeba godoro la Syokau siku alipofukuzwa, ukalirusha juu ya ua wa miiba majirani wakitazama, mtoto Wavinya akilia mgongoni mwa mama yake. Munyao aliamuru, Kitonga akarusha. Siku hiyo Syokau aliapa kwamba ndugu hawa wawili watamjua yeye ni nani, hata kama itabidi angoje mpaka aote mvi.

Mvi zimeota. Kiapo bado kibichi.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo kwenye meza ya hoteli, sikuachi nyuma. Syokau anauza matangi ya maji mjini Wote. Kwa jasho lake amenunua gari jipya, jeusi, linalong'aa mpaka unaweza kuchania nywele mlangoni mwake. Jumapili iliyopita alilipeleka kanisani kwao Kathonzweni liombewe. Washirika wakalizunguka, pasta akafumba macho, akaweka mkono kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, na mkono ukazama. Palikuwa na mbonyeo wa ukubwa wa kisahani!

Munyao siku hizi ni mzee wa kanisa, anakaa mbele na tai shingoni. Hakungoja hata amina. "Mnashangaa nini?" akasema kwa sauti. "Huyu mama hajawahi kujua kutunza kitu."

Watu wakacheka. Pale pale uwanjani mwa kanisa.

Na Jumamosi hii, wageni wanatoka Kitui kuleta mbuzi wa kumposa Wavinya. Munyao, ambaye hajawahi kumnunulia mtoto huyo hata kalamu, ametangaza kwamba kiti cha baba ni chake na yeye ndiye atakayepokea. Ndipo Syokau alipopanga jambo lake. Angeingia kwenye sherehe na gari safi, afungue mlango mbele ya wageni wote, amuulize swali moja tu: "Taja siku uliyoleta mbuzi wa ntheo kwetu." Kwa Mkamba, mwanamume asiyeleta ntheo si mume, na mtoto si wake. Munyao angeinuliwa kitini kama mtoto aliyekalia kofia ya mgeni.

Lakini angeingiaje na mlango uliobonyea? Neno la Munyao lingesimama kabla lake halijatoka mdomoni.

Basi akaanza kutafuta fundi. Yule wa Wote alikuja na nyundo, pati ya kujazia mashimo na rangi ya kupuliza, akasema hata mama mzazi wa gari hatajua. Syokau akamwambia rangi ya kiwandani na rangi ya kichochoroni hazikai pamoja juani, na macho ya Munyao hayana kazi nyingine. Yule wa Salama aliapa kwa jina la Mungu kwamba huondoa mbonyeo bila kugusa rangi, kisha akatoa drili. Syokau aliondoa gari huku fundi akilikimbilia nyuma. Mwishowe dereva wa lori akamwambia: nenda Makindu, nyuma ya hekalu la Sikh, yuko mtu anayenyoosha bati kwa vyuma na vidole, rangi isijue.

Jina hakumpa. Angempa, Syokau angegeuza gari hapo hapo.

Na sasa alitaka kuligeuza. Akaingia, akawasha moto. Kitonga hakumzuia. Aliegemea mlango wa karakana akikunja mikono.

"Enda," akasema. "Nairobi wako wengine. Labda watakupatia nafasi wiki ijayo. Lakini Jumamosi ni kesho kutwa."

"Nani alikuambia mambo ya Jumamosi?"

"Makueni nzima inajua. Hata kuku wanajua."

Syokau alikaa na mikono kwenye usukani. Kisha wazo likamjia, tamu kama asali ya Kitui. Gari litakalomwangusha Munyao litengenezwe na mkono wa ndugu yake wa tumbo moja! Angetafuta kisasi kizuri kuliko hicho wapi?

Akazima.

"Utaitengeneza," akasema. "Na mimi nitasimama hapa, naangalia kila kidole. Ukikwaruza, leo utanitambua."

"Mimi sikwaruzi."

"Na sijakusamehe."

"Sijaomba."

Pembeni mwa karakana palikuwa na mwanamke akishona vitambaa vya viti vya gari kwa cherehani. Huyo ni Kasyoki, mkewe Kitonga, aliyeolewa baada ya Syokau kufukuzwa. Aliinua kichwa, akasema, "Karibu, Mama Wavinya," akaendelea kukanyaga cherehani.

Syokau hakuwa mjinga. Mafundi wawili walikuwa wamemfundisha. "Kwanza nionyeshe kazi yako," akamwambia Kitonga. "Maneno nimeshiba."

Kitonga akamwelekeza kwenye pikapu nyeupe. "Huu mlango uligongwa na boda, ikaingia ndani hivi. Tafuta mahali."

Syokau akatafuta. Akainama, akaangalia upande upande, akapapasa kwa viganja. Hakuona kitu.

"Usijisumbue," Kitonga akacheka. "Hata mimi nimesahau. Kutoka Emali mpaka Mtito hakuna mwingine kama mimi. Anayebisha alete gari."

Majivuno yalikuwa ya kwao. Munyao naye ni vivyo hivyo.

Kitonga akafungua kifuniko cha ndani cha mlango bila kuvunja hata kibanio kimoja. Akatundika taa yenye mistari, ikaakisiwa kwenye bati. Palipo pazima mistari ilinyooka. Kwenye mbonyeo ilipinda ikakusanyika. Akachagua chuma chembamba kilichopindwa ncha, akainama kutazama.

Akakaa vile vile.

"Nini?" Syokau akauliza.

"Hii iligongwa na nini?"

"Kwani ni nini? Ni ndugu yako. Alipiga teke usiku ndio anicheke asubuhi. Namjua."

"Hapana. Kuja uone. Hapa kuna alama mbili. Hii moja ni ndogo, imeingia kama msumari. Hii ingine ni butu, kama kitako cha chupa. Zimeingia mara moja, pamoja. Mguu wa mtu hauna hivyo." Akasogeza taa. "Gari ililala wapi Jumamosi?"

"Kwa ndugu yangu Mulei, huko Kathonzweni. Niliiosha, nikaiacha kwa boma, nikaenda na Wavinya kupimwa nguo."

"Mulei ana mbuzi?"

"Mulei hana hata paka! Kiangazi kilimaliza mbuzi zote. Amebaki na kuku."

Kitonga akachukua kibano, akakiingiza kwenye mpira ulio chini ya kioo, akavuta unywele mmoja mwekundu, mgumu. Akaunusa. Sijui kama wewe umewahi kumwona mtu mzima akibadilika rangi kwa sababu ya unywele. Kitonga alibadilika.

"Kasyoki!" akaita. "Kuja hapa!"

Cherehani ikanyamaza. Kasyoki akaja, akatazama mbonyeo, akatazama unywele.

"Ni Jenerali," akasema.

"Jenerali ni nani?" Syokau akauliza.

Jenerali alikuwa beberu. Beberu mwekundu, pembe moja imekatika katikati, nyingine kali kama sindano. Na alikuwa na wazimu wake: hakuweza kuvumilia kujiona. Akiona sura yake kwenye kitu kinachong'aa, alidhani ni beberu mwingine amekuja kumnyang'anya wake zake, akarudi nyuma hatua chache na kumvamia. Magari ya wateja aliyapiga mpaka Kitonga akakoma kuyang'arisha kabla ya kumfunga.

"Mimi hii kazi nilifunzwa na huyo beberu," Kitonga akasema. "Denti zake, hii mibonyeo ya pembe, nimenyoosha mpaka nazijua kama sauti ya mama yangu. Hii ni yake. Alipotea Ijumaa tukiwa matangani Kibwezi. Nikaenda mpaka kwa chifu."

"Na mimi nilikuambia," Kasyoki akasema bila kuinua sauti. "Jirani aliona gari ya Munyao kwa geti. Ukaniambia nisitukane ndugu yako, ni mzee wa kanisa."

Kitonga akaugeuzageuza ule unywele kwenye kibano.

Sasa nyinyi mliozaliwa upande huu mmeanza kuhisi baridi. Munyao ana mkono wa birika, hatoi hata salamu bure. Aibe beberu Makindu, amfikishe Kathonzweni, nyumbani kwa marehemu baba yake Syokau anakokaa Mulei, wiki moja kabla ya wageni wa Kitui. Kwa nini?

Syokau naye alizaliwa upande huu. Akatoa simu, akampigia Mulei, akaweka sauti ya nje.

"Dada!" Mulei akaitika kwa furaha. "Gari imetengenezwa?"

"Ile nyama ya Jumapili ulinunua wapi?"

"Nyama gani?"

"Ile ulinilisha tukitoka kanisani."

"Si ni butchery, hapa tu Kathonzweni."

"Ilikuwa na pembe moja?"

Kuku wakasikika wakiparura upande wa pili.

"Mulei. Mwaitu, mama yetu, alipokufa mimi ndio nilikulea. Nilikubeba hapa mgongoni. Usinidanganye."

"Dada, usikasirike. Munyao alikuja kwa heshima. Alisema anataka kutengeneza mambo ya zamani kabla wageni hawajakuja. Alileta mbuzi. Mbili za kike, nimezificha kwa jirani, na beberu moja."

"Za nini?"

"Beberu ilikata kamba jioni, ikajiona kwa mlango wa gari yako, ikagonga. Niliogopa kukuambia."

"Mulei! Mbuzi za nini?"

"Za ntheo, dada."

Syokau akatafuta mahali pa kukaa, akapata gurudumu kuukuu.

"Na ukapokea?"

"Baba hayuko. Mwenye kupokea ni mimi."

"Na wale wazee wawili tulikula nao, ukasema ni wageni wa kanisa?"

"Ni wa kanisa. Lakini pia ni mashahidi."

"Na ile nyama ya kwanza ulikata wewe, ukanipatia kwa mkono, ukasema nisiudhike juu ya gari."

"Ndiyo."

"Nikakula."

"Ukakula, dada," Mulei akasema kwa sauti ndogo. "Hata ukaongeza."

Hapo nami niliweka kalamu chini nikatembea kidogo. Maana beberu ndiye anayechinjwa, na akishachinjwa kwenu, mwenye kupokea akapokea, nawe ukala mbele ya wazee, hakuna mahali pa kukataa. Syokau alikuwa amekula ndoa yake mwenyewe kwa chumvi na kachumbari.

"Alikupatia nini, Mulei?"

"Hajanipatia kitu! Alisema tu ataniongelea kwa pasta. Nifanywe shemasi."

Syokau akakata simu. Mulei amemuuza dada yake kwa ushemasi! Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Syokau kilikuwa kimevaa suruali aliyoinunua yeye.

Sasa aliuona mpango wote. Munyao alipomcheka uwanjani mwa kanisa, nyama ilikuwa tayari jikoni. Swali lile alilokuwa amelinoa, "taja siku uliyoleta ntheo", Munyao angelijibu akitabasamu: Jumapili, mke wangu, nawe ulikula. Wageni wangecheka mpaka wamwage uji. Kisha angepokea mbuzi wa Wavinya kama baba halali, na mtoto aliyelelewa, akasomeshwa na kuuguzwa na mama yake peke yake angetoka nyumbani kwa baraka za mtu aliyemtupa.

Simu ikalia mkononi mwake. Mulei alikuwa ameshapeleka habari.

"Mke wangu," sauti ya Munyao ikasema, laini kama mafuta.

Syokau akaikaza simu sikioni.

"Ulishiba? Mulei anasema ulifurahia sana. Sasa sikia. Jumamosi ukuje mapema, ukae nyuma na wamama wengine. Hiyo gari uache Wote. Sitaki wageni waone bibi yangu na gari imebonyea. Ni aibu kwangu."

Akakata.

Syokau alisimama. Hakulia. Machozi yalikuja mpaka kwenye kope, yakaona uso ulivyo, yakarudi. Alimchukia Munyao wakati ule kuliko siku ya godoro, kuliko siku ya kanisa, kuliko usiku wote aliokesha na mtoto mgonjwa akimlaani peke yake.

"Toa hiyo denti," akamwambia Kitonga.

"Mama Wavinya, labda upumzike kwan..."

"Nimesema toa!"

Kitonga akaingiza chuma ndani ya mlango. Hakusukuma katikati, alianzia ukingoni, akasukuma kidogo, akatazama mistari, akasukuma tena, akizunguka kuelekea ndani. Pale palipovimba aligonga taratibu kwa kijiti kilichovikwa ngozi. Mistari ikaanza kuachana. Lile tundu la pembe kali lilikuwa gumu. Alilipasha joto, akalibembeleza, akatukana kwa Kikamba, akalibembeleza tena. Kasyoki alikuwa amerudi kwenye kiti chake, lakini cherehani haikulia.

"Kuja utafute," Kitonga akasema mwishowe.

Syokau akapapasa mlango. Ulikuwa laini kutoka mwisho hadi mwisho, rangi ile ile ya kiwandani, na sura yake mwenyewe ikimtazama bila kupinda. Kazi ilikuwa safi, lazima nimpe mtu haki yake. Lakini ilimsaidia nini sasa?

"Ungenitengenezea hii jana, ningekushukuru," akasema. "Leo ni gari safi ya kumpeleka mke wa Munyao kwa bwana yake."

"Wewe si mke wa Munyao."

"Hujasikia? Nimekula."

"Umekula mbuzi ya nani?" Kitonga akaweka vyuma chini, macho yakimwaka. "Fikiria. Mbuzi ya wizi haioi mtu. Ntheo ni ya mwenye mbuzi. Nikisimama Jumamosi niwaambie wazee, beberu ilikuwa nyekundu, pembe moja, ilitoka kwa boma langu, na chifu anajua nilimtafuta, watamuuliza Munyao alinunua wapi. Atasema nini? Mzee wa kanisa! Mwizi wa mbuzi! Watamtoa kwa kiti na tai yake."

Syokau alihisi kitu kikifunguka kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alitaka kucheka. Siku za mwizi ni arobaini, na za Munyao zilikuwa zimeisha mapema.

"Utasema hivyo? Mbele ya ndugu yako?"

"Aliniibia nikiwa matangani. Na si mara ya kwanza. Alinituma nikiwa kijana nifanye mambo ambayo mpaka leo watu wananiita nayo. Nitasema hata na kipaza sauti."

Kisha Syokau akakumbuka jambo, na kicheko kikakauka.

"Kitonga. Nyama nimekula. Mulei amepokea. Mashahidi wameona. Kama mbuzi haikuwa ya Munyao, mimi nimeolewa na nani?"

Kitonga akatazama viatu vyake.

"Hapo ndio kuna shida," akasema.

"Wewe?"

"Si mimi nimetaka!"

"Wewe uliyerusha godoro yangu kwa miiba?"

"Mama Wavinya, mimi nasema tu vile wazee watasema."

Syokau akazunguka gari mara mbili, mikono kiunoni. Huku Munyao, huku Kitonga. Huyu alitoa amri, huyu alirusha. Mungu alikuwa anamchezea? Lakini chuki ina hesabu zake, ndugu msomaji, na mwenye kiu ya kisasi hunywa hata maji ya mtaro. Akasimama mbele ya Kitonga.

"Kama ndio njia ya kumtoa kwa hicho kiti, nitakubali," akasema. "Jumamosi nitasema ndiyo, mbuzi ilikuwa yako, na mimi ni wako. Jumatatu nakuacha. Na ukinigusa, hivyo vyuma vyako nitakuonyesha mahali vinaingia."

"Na Kasyoki je?" sauti ya kike ikauliza.

Wote wawili wakageuka. Walikuwa wamemsahau.

Kasyoki alikuwa amesimama nyuma yao, mkasi wa kukatia ngozi mkononi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, wa kuketi nyuma kanisani. Sijui alisimama hapo tangu lini.

"Mmemaliza kugawana mbuzi yangu?" akauliza.

"Yetu," Kitonga akasema.

"Yangu. Mama yangu alinipatia mama ya Jenerali siku nilikuja kwako. Masikio iko na alama ya kwetu, si ya kwenu. Uliza mtu yeyote hapa Makindu. Uliza chifu, ndio hivyo aliandika."

Kitonga akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kweli, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia chifu.

"Tulipomzika mama mkwe," Kasyoki akaendelea, akimtazama Syokau, "Munyao alisimama mbele ya watu wote akasema mimi ni shamba ilikataa mbegu. Watu walicheka vile walikucheka wewe. Huyu bwana yangu akainama chini. Mimi nikanyamaza. Wakafikiri nimesahau."

Hakuwa amesahau. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mama Wavinya, susu yangu, mama ya baba yangu, hakuzaa. Unajua alifanya nini? Alitoa mbuzi zake mwenyewe, akaoa mwanamke. Mbuzi zikachinjwa, zikaliwa. Watoto wa huyo mwanamke wakawa wa nyumba ya susu. Baba yangu ni mmoja wao. Hiyo kwetu inaitwaje?"

Syokau akaegemea gari. "Iweto," akasema.

"Iweto. Haya. Mbuzi ni ya nani?"

"Yako."

"Nani alikula?"

"Mimi."

"Mulei alipokea?"

"Alipokea."

"Basi mimi ndio nimekuoa," Kasyoki akasema. "Si Munyao. Si huyu. Mimi."

Kitonga akacheka kidogo, cheko la mtu anayeomba jambo liwe mzaha. Hakuna aliyecheka naye. Syokau alikuwa akipima haraka kichwani, na kila alipopima aliona jinsi Munyao atakavyoangamia: hatatolewa kitini na mwanamume mwenzake, atatolewa na yule mwanamke aliyemwita tasa, mbele ya kanisa na mbele ya Kitui nzima. Kisasi kikubwa kuliko alichowahi kukiota. Akanyoosha mkono kumpa Kasyoki.

"Tufanye hivyo," akasema. "Jumamosi tu, tumwaibishe. Halafu kila mtu aende kwake."

Kasyoki hakuupokea mkono. Alifungua mlango wa nyuma wa kushoto, ule uliotoka kunyooshwa, akaingia, akaketi, akaweka mkasi mapajani.

"Mimi sifanyi mchezo, Mama Wavinya. Nimemngoja mtoto tangu niolewe. Jumamosi kiti cha baba nitakalia mimi, na Wavinya ni wa nyumba yangu. Simrudishii mtu."